Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kifaa cha kufungulia filta ya oili iliyojificha

Ukurasa huu ni kwa mwenye gari na kwa fundi wa Mtwara, Lindi, Masasi, Newala na kwingineko Kusini ambaye anaiona filta lakini mkono haufiki, au unafika na hauna pa kugeukia. Majibu mengi yanahusu filta ya kopo, ile inayozungushwa nzima nzima. Filta ya karatasi inayokaa ndani ya kifuniko ina swali lake huko chini.

Kabla sijanunua chochote, nipime nini?

Pima nafasi kwanza. Wengi huenda dukani na kipimo cha filta pekee, wakarudi na kifaa kizuri kisichoingia. Kuna vipimo vitatu, na vyote unavipata kwa vidole na rula injini ikiwa imepoa.

Cha kwanza ni nafasi iliyo mbele ya kichwa cha filta, yaani upande wa mviringo uliofungwa. Kikombe cha filta, yaani kofia ya chuma inayovishwa kichwani mwa filta na kuzungushwa kwa racheti, kinataka kama sentimita 3, ukijumlisha racheti inafika 6 hadi 7. Makucha matatu, kifaa chenye vidole vitatu vinavyobana filta, yenyewe ni marefu: pamoja na racheti yanataka sentimita 9 au 10.

Cha pili ni nafasi ya pembeni. Kidole kimoja kikipita kati ya kopo na kitu kilicho jirani, mkanda utapita. Plaizi ya filta inataka zaidi, kwa sababu taya zake ni nene na lazima zifunguke kabla ya kushika.

Cha tatu ndicho kinachosahaulika: mkono wa kifaa utazunguka kiasi gani kabla ya kugonga ekzosi, shafti au fremu? Racheti yenye meno 72 inasogea nyuzi 5 kwa kila mlio, ya meno 36 inasogea nyuzi 10. Kwenye nafasi finyu tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama utafungua au utabaki unagonga chuma hapo hapo.

Angalia pia njia ya kufikia. Filta isiyofikika kwa juu wala kwa chini mara nyingi inafikika kwa pembeni: toa tairi la mbele la upande huo, fungua plastiki ya ndani ya madigadi, na ghafla kopo liko mbele ya macho. Dakika 10 za kutoa tairi ni rahisi kuliko saa nzima ya kupenyeza mkono.

Nitajuaje kipenyo cha filta bila kalipa?

Zungusha uzi kwenye kichwa cha filta, pale penye pande za kushikia, si katikati ya kopo. Unyooshe kwenye rula, kisha gawa kwa 3.14. Uzi wa milimita 204 ni filta ya 65. Milimita 214 ni ya 68. Milimita 239 ni ya 76. Milimita 251 ni ya 80.

Halafu hesabu pande. Weka alama ya chaki kwenye upande mmoja ili usihesabu mara mbili. Filta ndogo za Toyota zinazotumika kwenye IST, Probox na Vitz za injini ya 1NZ-FE ni za milimita 65 na pande 14. Namba hizo mbili, kipenyo na pande, ndizo unazozitaja dukani. "Nipe kikombe cha Toyota" haitoshi.

Nimenunua kikombe sahihi lakini kinazunguka bure. Tatizo ni nini?

Karibu kila mara, filta si ile uliyodhani. Mtengenezaji mmoja anatoa filta ya gari lile lile yenye 65, mwingine 66, mwingine 68, na nyuzi za ndani zote zinaingia sawasawa. Injini haijali, ila kikombe kinajali. Ndiyo maana ushauri wetu ni huu: chagua kwanza aina ya filta utakayokuwa unanunua siku zote, ndipo ununue kikombe chake.

Kwa sasa, kama kimelegea kidogo, safisha filta kwa petroli na tambara, weka kipande cha msasa wa namba 80 kati ya kopo na kikombe, uso wenye mchanga ukitazama filta, kisha gonga kikombe kikae. Kikiwa kimelegea zaidi ya milimita moja, acha. Kitakula pande zote, na baada ya hapo hata kikombe sahihi hakitashika.

Vikombe vya bati jembamba lililokunjwa hupanuka kwenye pembe vikivutwa kwa nguvu. Cha aluminiamu nene au chuma kilichofuliwa kinadumu.

Kati ya kikombe, makucha, mkanda, mnyororo na plaizi, kipi kinafaa wapi?

Kikombe ni cha kwanza kwa filta iliyozibwa pande zote lakini iko wazi mbele. Kinashika pande zote kwa pamoja, hakibonyezi kopo, na kinakubali ekstensheni: ukiunga ya inchi 3/8 yenye sentimita 25 unaweza kufungua filta ukiwa umesimama, mkono ukiwa mbali kabisa na ekzosi. Udhaifu wake tumeshausema, kinafaa saizi moja tu.

Makucha matatu yanafaa kwa anayehudumia magari mengi tofauti. Unayasukuma kwenye kichwa cha filta, ukizungusha yanajibana yenyewe, na seti moja inachukua filta za milimita 65 hadi karibu 100. Kwa gereji ya barabarani pale Mnazi Mmoja au Nangurukuru, ambako leo inakuja Noah na kesho Hiace, hiki ndicho tungeanza nacho. Lakini kwenye filta iliyogoma sana makucha huchimba kopo na kulitoboa, na kwenye filta fupi iliyozama ndani hayapati pa kushika.

Mkanda unapendwa kwa sababu ni rahisi na unashika saizi yoyote. Uzungushe karibu na kitako, pale kopo linapokutana na bamba nene, maana katikati bati linabonyea na nguvu yako yote inaishia kwenye kulikunja. Mkanda wa nailoni ukilowa oili huteleza, na kuuvuta zaidi hakusaidii: ukaushe, kausha na filta, anza upya. Wenye tundu la racheti la inchi 1/2 unaingia mahali ambapo ule wenye mkono wake wa kudumu haugeuki.

Mnyororo ni wa filta kubwa za malori, matrekta na jenereta kubwa. Kwenye filta ndogo ya gari la abiria unaponda kopo kama kopo la maziwa.

Plaizi ni kwa filta ambayo mbele yake pamezibwa, pembeni pako wazi. Inabana kadiri unavyovuta na haihitaji nafasi ya racheti. Nunua yenye taya zenye meno na mkono wenye mpindo kidogo. Zile zilizonyooka hukulazimisha kuweka ngumi kwenye chuma.

Ukiwa na gari moja tu: kikombe cha saizi yake na mkanda wa akiba. Hapo mkoba umekamilika.

Nafungua kuelekea upande gani? Nikiwa juu ya boneti nachanganyikiwa.

Uko sahihi kuuliza, maana hapa ndipo filta nyingi "zinapogoma" ilhali zinakazwa. Sheria ni moja: ukiitazama filta usoni, kichwa chake kikiwa mbele yako, unafungua kinyume cha mshale wa saa. Ukilala chini ya gari na filta ikakuelekea, hakuna utata. Lakini filta ikielekea chini nawe umeinama kutoka juu, unaitazama mgongoni, kwa hiyo mkono wako utaonekana kwenda na mshale wa saa.

Njia rahisi: chora mshale wa kufungua kwenye karatasi ya mviringo, ielekeze karatasi jinsi kichwa cha filta kilivyoelekea, na uangalie mshale kutoka pale ulipo.

Mkanda na baadhi ya makucha hufanya kazi upande mmoja tu. Vuta kidogo: mkanda ukijikaza umeuweka sawa, ukilegea ugeuze.

Filta imegoma kabisa. Nifuate hatua gani?

Usianze na nguvu. Washa injini dakika 3 hadi 5 iwe vuguvugu, kisha zima. Raba inayoziba kati ya filta na injini ikipata joto hulainika kidogo na oili inakuwa nyepesi. Injini iliyotoka safarini Masasi si vuguvugu, hiyo ni moto. Iache dakika 30 hivi, na hata hapo jihadhari na ekzosi, ambayo huunguza mkono kabla hujajua umeigusa.

Inua gari na ulikalishe kwenye stendi. Mchanga wa Mtwara unameza jeki taratibu ukiwa chini ya gari, kwa hiyo weka ubao mnene wa angalau sentimita 30 kwa 30 chini ya jeki na chini ya kila stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Mwaga oili ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwanza. Safisha kopo lote kwa tambara lenye petroli kidogo, injini ikiwa haiungui, hadi bati likauke. Kushika bati kavu ni nusu ya kazi.

Anza na kikombe au makucha. Usivute polepole ukizidisha uzito. Toa mvuto mfupi mkali, rudia. Filta ikiachia hata nyuzi 10, iliyobaki kwa kawaida unaimaliza kwa mkono.

Isipoachia, weka mkanda karibu na kitako na urefushe mkono wa racheti kwa bomba la sentimita 30. Fanya mkanda na kikombe vivute kwa pamoja kama kuna msaidizi. Nguvu ikigawanyika kwenye sehemu mbili, kopo halipindi.

Isipoachia hapo, jiulize tena swali la upande wa kufungua. Kweli, jiulize.

Na ile ya kutoboa kwa bisibisi?

Ni ya mwisho, na mara nyingi inaongeza kazi. Bati la filta ni jembamba. Bisibisi ikivutwa inachana kopo kama kisu, na sasa huna cha kushika. Isitoshe, tangu unapotoboa gari haliwezi kuwashwa tena mpaka filta mpya ifungwe. Kama uko Kitangari jioni na filta mpya iko Newala mjini, fikiria mara mbili.

Ukilazimika, tumia bisibisi ndefu nene, itoboe kutoka upande mmoja hadi wa pili, na tundu liwe kama milimita 30 kutoka kwenye kitako. Ndani ya kitako kuna nipeli, bomba fupi lenye nyuzi linaloshika filta, na ukiipiga hiyo umejiletea kesi nyingine ya ukarabati wa injini. Ukigeuza, sukuma bisibisi karibu na kopo, usiishike mwishoni.

Kopo limechanika, kimebaki kitako tu kwenye injini. Nifanyeje?

Tulia, kinatoka. Kata bati lililobaki kwa mkasi wa bati, toa karatasi na bomba la kati. Utabaki na bamba la chuma la mviringo lenye matundu madogo kuzunguka tundu kubwa la katikati. Bamba hilo ni nene na linastahimili nguvu.

Weka ncha ya tindo butu kwenye ukingo wa bamba, ilale kiasi cha kusukuma kwa mzunguko, gonga kwa nyundo kuelekea upande wa kufungua. Gonga sehemu moja, hamia upande wa pili, rudia. Usielekeze tindo kwenye kiti cha filta, uso wa injini ambapo filta inakaa: kiti mara nyingi ni aluminiamu, na mkwaruzo unaovuka pale raba inapokalia utavujisha oili milele. Nafasi ikiruhusu, ingiza boliti mbili kwenye matundu mawili yanayotazamana, pitisha nondo katikati yake, na uzungushe.

Ikitoka, hakikisha vitu viwili. Je, raba ya zamani imetoka na bamba, au imebaki imeganda kwenye kiti? Na nipeli, imebaki kwenye injini au imeng'oka na filta? Ikiwa imeng'oka, itoe kwenye filta ya zamani kwa nati mbili zilizobanana, safisha nyuzi, irudishe kwenye injini na uikaze kabla ya filta mpya.

Gari langu halina kopo, lina kifuniko cheusi cha plastiki. Nitumie kifaa gani?

Hiyo ni filta ya karatasi. Toyota nyingi za injini za 2ZR-FE na 2GR-FE ziko hivyo. Hapa makucha, mnyororo na plaizi ni marufuku, kwa sababu vinapasua kifuniko. Tumia kikombe chake tu, cha takriban milimita 65 na pande 14, na kisiwe kimelegea hata kidogo.

Kwenye nyingi kuna kiziba kidogo chini ya kifuniko. Kitoe kwanza ili oili ishuke kabla hujafungua kifuniko chenyewe. Wakati wa kurudisha, badilisha oringi zote mbili, zipake oili mpya, na ile kubwa ikae kwenye mfereji ilikotoka ya zamani, si kwenye uzi. Kifuniko kinakazwa kwa Nm 25 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukazia) na kiziba kidogo kwa Nm 12.5. Kukaza zaidi hakuzuii uvujaji. Kinachovujisha ni oringi iliyojikunja.

Filta iko kwa pembeni, kila nikifungua oili inamwagikia ekzosi na alternata.

Ilegeze robo mzunguko tu kisha subiri dakika 5; sehemu kubwa ya oili itateremka taratibu mahali pamoja. Funika alternata kwa mfuko wa plastiki. Kata chupa ya maji ya lita moja na nusu kwa urefu, itumie kama mfereji chini ya filta. Oili iliyoingia kwenye ekzosi ifutwe kabla ya kuwasha, la sivyo itatoa moshi na inaweza kushika moto.

Filta mpya nikaze kwa kifaa au kwa mkono?

Kwa mkono. Kifaa tulichokieleza huku juu ni cha kufungulia. Anayekaza kwa mkanda leo ndiye anayetafuta tindo baada ya miezi mitatu.

Futa kiti kwa tambara safi na upitishe kidole kuzunguka: raba ya zamani ikibaki, mpya itakaa juu yake, na raba mbili zikipishana oili yote inaruka nje kwa presha ndani ya muda mfupi. Paka raba mpya oili safi. Zungusha hadi raba iguse kiti, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko. Filta nyingi zimeandikwa namba 1 hadi 4 kwenye kopo kwa kazi hiyo. Kama haina, chora mstari kwa maka peni. Kwa mwenye spana ya kipimo, filta nyingi za Toyota za kopo ni Nm 18 hivi.

Kama nafasi haikuruhusu kushika kwa kiganja, tumia kikombe na ekstensheni bila racheti, uikamate ekstensheni kwa mkono. Huwezi kuikaza kupita kiasi namna hiyo.

Jaza oili: 1NZ-FE inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, 3.4 bila filta. Washa, taa ya oili izime ndani ya sekunde chache, chungulia kitako cha filta kwa tochi, zima, subiri dakika 5, pima tena kwa stiki.

Kwa nini huku Kusini filta zinagoma sana?

Sababu kubwa ni kukazwa kupita kiasi, na hiyo iko kila mahali. Ila huku kuna nyongeza. Gari linalolala Shangani au Mikindani karibu na bahari linapata chumvi, na kopo likishika kutu linapoteza nguvu ya bati. Ukilibana linachanika mapema. Gari la kubeba korosho kutoka vijijini Tandahimba linapata vumbi jekundu linalochanganyika na oili na kuganda kuzunguka kitako. Na msimu ukishika kasi, kuanzia Oktoba, gari halipumziki: huduma inasogezwa mbele wiki baada ya wiki, raba inaiva kwa joto hadi inakuwa ngumu na kung'ang'ania kiti. Fanya huduma kabla ya minada ya korosho kuanza.

Niko kijijini Nachingwea, sina kifaa hata kimoja. Kuna mbadala?

Kata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kivute kuzunguka kopo kavu, kisha shika kwa mikono miwili juu ya mpira. Utashangaa ni ngapi zinaachia. Ikigoma, chukua mkanda wa feni wa zamani, uzungushe kopo mara moja, pitisha ncha zake kwenye bomba fupi na upindishe bomba mpaka mkanda ubane, halafu vuta. Ni mkanda wa filta wa kujitengenezea, na unafanya kazi kama kuna nafasi pembeni.

Vipi kuhusu boti, jenereta na mashine za kupulizia mikorosho?

Mashine ya mgongoni ya kupulizia salfa ni ya mizunguko miwili: oili inachanganywa na petroli, hakuna filta ya oili. Injini ya boti ya mizunguko miwili ni vivyo hivyo. Za mizunguko minne zenye filta mara nyingi zina ndogo ya karibu milimita 65, na kikombe cha IST wakati mwingine kinaingia. Kijaribu kabla ya kununua kingine. Jenereta ndogo za petroli za dukani hazina filta, zinabadilishwa oili tu. Zile kubwa za dizeli zina kopo kubwa, na hapo mnyororo una kazi.

Filta ya zamani na oili chafu nipeleke wapi?

Toboa kichwa cha filta, ipindue juu ya ndoo, iache usiku kucha. Oili iliyotoka ikusanye kwenye dumu lenye kifuniko pamoja na ya sampu, umpelekee fundi anayekusanya kwa mapipa. Usiimwage mchangani, mtaroni wala kwenye mikoko. Wengi huipaka nguzo na mbao kuzuia mchwa. Ukifanya hivyo vaa glavu, usiipake kwenye zizi, banda la kuku au karibu na kisima, kwa sababu oili iliyotumika ina vitu vinavyosababisha saratani ikigusana na ngozi mara kwa mara.